Mabawa Mawili ya Kulia

Tulionana tena mimi na Nurali msibani kwa Masanja, mwaka jana wakati wa kiangazi. Nilikuwa nyuma ya nyumba na kina mama, nakata vitunguu vya pilau, nikaona mzee wa Kihindi anakuja kwa mkongojo akipita katikati ya masufuria, suruali imemzidi kiunoni inchi mbili nzima. Suruali ndiyo niliyoiona kwanza, uso baadaye. Mimi ni fundi cherehani, macho yangu yamezoea hivyo. Alikuwa ametoka Kanada, ndege tatu na basi moja, na alikuwa amekosa mazishi kwa siku moja tu. Akanipa pole, nikampa pole. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akasema, "Minza, lile bawa lilikuwa la kushoto." Nilicheka nikiwa na kisu mkononi, nikacheka mpaka wale kina mama wakaacha kazi na kunitazama. Msibani kulia kunaruhusiwa muda wote, kucheka kuna masharti yake. Lakini neno lenyewe ndilo lililotuponza tangu mwanzo, kulia, na Masanja kama angekuwa hai angekuwa wa kwanza kuvuta kiti ili ugomvi uanze upya.

Mwaka ninaousema ni ule wa 1974. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa kwa shangazi mjini Shinyanga, nashona kwenye baraza ya duka la baba yake Nurali, duka la vitambaa. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo. Nikifumba macho naiona mpaka leo: majora ya khanga na kaniki yamepangwa mpaka darini, harufu ya marashi na ya panya, dirisha moja lenye nondo, na chini ya dirisha meza ndefu ya kukatia ambayo mguu wake mmoja uliwekewa tofali. Jumapili duka likifungwa, meza ile ilikuwa yetu. Mimi, Nurali aliyekuwa na miaka ishirini na miwili na aliyepaswa kuwa anajifunza biashara, na Masanja, kuli wa stesheni, aliyetuzidi wote kwa kupenda ndege, zile za injini. Masanja alikuwa amehamishwa kutoka Isaka. Kazi yake ilikuwa kupakia marobota ya pamba kwenye mabehewa, na mgongo ulikuwa umeshaanza kumlalamikia kabla hajafika miaka ishirini na mitano. Aliingia dukani mara ya kwanza kununua uzi, akatoa mfukoni kijindege kidogo cha kuchonga, akaniuliza kama uzi ule utaweza kushika mkia. Nurali akaruka kaunta. Mwenyewe alikuwa na kijindege chake amekificha chini ya majora, baba yake asikione. Hivyo ndivyo tulivyoanza, na kwa nini mimi nikakubaliwa ni rahisi kueleza: wao walijua kuchonga, hakuna aliyejua kuvalisha.

Raha ya kazi ile sijui niieleze vipi. Kila kitu kilichokuwa Shinyanga tulikitazama kwa jicho la wizi, tukijiuliza kama kinaweza kuruka. Ule mti unaochomoza katikati ya mkonge ukishazeeka, ukikauka unakuwa mwepesi hata ukiubeba begani hujui kama umebeba kitu. Masanja aliukata kwenye ua wa mkonge nyuma ya reli, akauchana kwa wembe, ukawa mbavu za mabawa. Nguvu ya kuzungusha pangaboi, ile feni ya puani, tuliipata kwenye lastiki za sketi. Nilikaa jioni nzima nikizichambua nyuzi za nje mpaka ubaki mpira mtupu, kisha tukaupaka mafuta ya nyonyo usikatike. Nguo ilikuwa hariri, vipande vya sari alivyovikusanya mama yake Nurali miaka na miaka bila kujua atavifanyia nini. Niliivuta hariri juu ya mbavu, nikaishona kwa mkono, ubavu kwa ubavu, kisha nikaipaka uji mwepesi wa muhogo, na ilipokauka ilikaza mpaka ukiigonga kwa ukucha inalia. Gundi ndiyo iliyotutesa. Ya dukani ilikuwa haipatikani, kwa hiyo Masanja alichemsha ulimbo, ule wanaonasia ndege porini, akauongezea dawa zake mwenyewe. Ulishika vizuri asubuhi, lakini jua likipanda ulilegea. Nurali alisema sisi ndio watu pekee duniani tunaotumia ulimbo ili ndege iende, si ili ibaki.

Mama yake Nurali alikuwa anatuletea bajia na chai ya tangawizi kwenye sinia, anasimama mlangoni mpaka tule. "Kula kwanza," alikuwa anasema, "ndege hapana kimbia." Mimi nilikuja na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za shangazi, na yule mama akaipenda michembe kuliko sisi tulivyopenda bajia zake, ikawa yeye na shangazi wanabadilishana kupitia kwangu wakati hawajawahi kuonana. Shangazi yeye hakuelewa kabisa ninachokifanya huko. Usiku mmoja nilimsikia upande wa pili wa ukuta akizungumza na jirani yetu, Mama Shija.

"Eti mtoto wako anashonea ndege nguo," Mama Shija alisema.

"Ndivyo anavyoniambia."

"Ndege gani? Noni?" Noni ni ndege wa porini kwa Kisukuma. "Noni ana manyoya yake, nguo za nini?"

"Si noni. Ndege ya kupanda."

"Basi kapata kazi ya serikali."

"Kapata kazi ya Jumapili, mayu, isiyo na mshahara, na vijana wawili."

Nikasikia kijiko kinakwangua sufuria. Halafu Mama Shija akauliza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeuliza jambo zito, kama ndege hiyo ni ndege njema au ndege mbaya. Shangazi akasema hilo tutalijua ikitua. Nilijifunika shuka usoni wasinisikie nikicheka.

Mpaka hapo ulikuwa mchezo. Ukaacha kuwa mchezo siku Masanja alipokutana na Fundi Kibwana. Huyu alikuwa fundi wa ndege, mtu wa Tanga, mfupi, aliyekuwa anakuja kila Jumatano kutoka Mwanza na ile ndege ya abiria aina ya Dakota. Dakota ilikuwa imezeeka, na haikusafiri bila fundi wake, kama mgonjwa asiyetoka bila muuguzi. Masanja alikuwa anaomba ruhusa stesheni, anapanda baiskeli mpaka kiwanja cha ndege Ibadakuli, anasimama kwenye uzio kumwangalia Fundi akifungua vifuniko vya injini. Kwa jinsi alivyosimama wiki nyingi, Fundi akamwita. Akamwambia karakana ya Mwanza itachukua msaidizi mmoja kabla mvua hazijaanza. Masanja akasema ana darasa la saba tu na mikono. "Darasa la saba wanalo wote," Fundi akamjibu. "Mikono ndiyo nataka kuiona imefanya nini. Nitengenezee ndege ndogo iliyo sawa na ya kweli, kila kipimo kwa uwiano wake, isiwe midoli ya watoto. Iruke kutoka kwenye pipa lile mpaka kwenye mfuko wa upepo ule mlingotini. Ishuke nzima. Nikiiona nzima mkononi mwangu, nafasi ni yako. Isiposhuka nzima, nyie Wasukuma mna pamba nyingi, endelea kupakia." Masanja alikuja stoo akitoka jasho, akatusimulia akiwa amesimama. Sote watatu tukaanza kuongea kwa pamoja.

Tulichagua kuiga ndege ndogo ya daktari, ya injini moja, bawa juu ya paa. Ilitua Ibadakuli siku moja, rubani akaenda kula, mlinzi wa kiwanja akatupa ruhusa kwa sharti tusiguse pangaboi. Nilitoa futi yangu shingoni nikaipima ile ndege kama ninavyompima mteja: kifua, kiuno, urefu wa mkono, upana wa mkono begani na upana wake kiganjani. Nurali aliandika, Masanja aliinama chini ya tumbo. Kwa uwiano wetu, futi moja ya kweli ingekuwa inchi moja ya kwetu. Sijawahi kumpima mteja aliyetulia namna ile. Tulikuwa tumemaliza bawa moja rubani aliporudi akipangusa midomo, nikasema haina neno, mtu akiwa na mkono mmoja wa inchi ishirini na mbili na wa pili utakuwa hivyo hivyo. Nikachora kielelezo cha bawa kwenye karatasi ya kaki, mbavu ndefu karibu na mwili, fupi kule nchani, nikakata nakala mbili. Masanja, wewe fanya la kulia. Nurali, wewe la kushoto. Mimi nashona mkia na nguo ya kiwiliwili. Kila mtu akaenda na karatasi yake, maana Masanja alikuwa na zamu za jioni na Nurali alikuwa na baba yake.

Wiki zile zilikuwa tamu. Nilishona sare za shule mchana huku kichwa kiko kwenye mkia. Masanja alipita barazani kila akienda kazini, anatoa ubavu mmoja mfukoni amefunga kwenye leso, ananionyesha, anaondoka bila kuongea. Nurali alinikonyeza kutoka kaunta akiwa anampimia mteja kaniki. Nilimkuta baba yake siku moja ameshika kipande cha mkonge kilichochongwa, anakigeuza kwenye mwanga, nikajua siri imekwisha. Akanitazama, akakirudisha chini ya jora mahali pale pale, akaniuliza kama sare za shule zimekamilika.

Jumapili ya kuunganisha, tukiwa tumebakiwa na siku tatu tu kabla Fundi hajaja, tulifunga mlango wa stoo kwa komeo. Kiwiliwili nilikiweka mezani. Masanja akafungua gunia lake, Nurali akafungua shuka lake. Mabawa yote mawili yalikuwa mazuri hata nikapata hofu. Tuliweka la Masanja, likakaa. Tuliweka la Nurali, na mbavu ndefu zikaja upande wa nje, nchani, na fupi zikakutana na mwili. Nurali akaligeuza, sasa mbavu ndefu zilikuwa mahali pake, lakini mgongo wa bawa umetazama chini na tumbo limetazama juu, kama mende aliyepinduka. Akaligeuza tena. Tulikuwa na mabawa mawili ya kulia.

"Nilikwambia la kushoto," nikasema.

"Hili ndilo la kushoto." Nurali akasimama mbele ya pua ya ndege akiitazama, akanyoosha mkono wake wa kushoto. "Si hili hapa? Mteja akisimama mbele yako ukamwambia kitambaa kiko kushoto, unamwambia kushoto kwa nani? Kwa anayetazama."

"Kushoto kwa anayevaa," nikamwambia. "Mkono wa kushoto wa shati ni wa mwenye shati, si wa anayemtazama mwenye shati."

"Ndege haivai shati."

"Hii nimeishonea mimi, inavaa."

Tukamgeukia Masanja atuamue. Masanja alikuwa amekaa juu ya jora, mikono imeshika kichwa. Akasema kwa upole kwamba yeye alielekeza pua ya ndege Mwanza. Tukamuuliza Mwanza imeingiaje. Akasema reli ndivyo ilivyo, kulia ni kulia ukielekea Mwanza, hata kama wewe mwenyewe unaelekea Tabora. Behewa likiandikwa mlango wa kulia, halibadiliki kwa sababu kuli kageuka. Kwa hiyo bawa lake lilikuwa sahihi kwa bahati tu, kwa sababu Mwanza iko pale ilipo. Tulitazamana watatu. Duka, cherehani na reli, kila mmoja alikuwa na kulia yake, na tulikuwa tumefanya kazi pamoja karibu mwaka mzima hatujui. Ilikuwa ya kuchekesha na Nurali alianza kucheka, akamwona Masanja, akaacha. Masanja alikuwa na macho mekundu. "Kesho kutwa na siku moja," alisema. "Bawa limenichukua wiki tano."

Nilikuwa nimeweka pasi ya mkaa dirishani kwa ajili ya kunyoosha hariri. Sijui ni nani aliyelisogeza bawa la Nurali karibu nayo, labda ni mimi kwa kuondoa sinia. Nilichoona ni ubavu mmoja unainama pole pole, kisha unachomoka wenyewe bila kuvunjika, ulimbo umevutika kama utelezi wa mlenda. Sote tuliona kwa wakati mmoja. Gundi tuliyoitukana tangu mwezi wa pili ilikuwa inaachia. Nurali akapiga magoti penye jiko la kuwashia pasi na kuanza kupepea mkaa. Nilishika pasi juu ya bawa, Masanja akachomoa mbavu moja moja kwa vidole vile vya kubebea marobota, akazipanga mezani, kisha akazirudisha kwa mpangilio wa kinyume, ndefu kule zilikokuwa fupi. Mama yake Nurali aligonga, tukamfungulia, akaona jinsi tulivyo, akaweka sinia chini na kuchukua kipepeo cha mkaa kutoka kwa mwanawe bila kuuliza. Jua lilipoanza kuzama tulikuwa na bawa la kushoto. La kushoto kwa anayevaa, nililisema hilo mara kadhaa. Hariri niliishona usiku ule na jioni iliyofuata, na sikumbuki kama nilichoka. Nilikuwa na furaha ya ajabu, hata uzi ulikuwa unaingia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza.

Jumatano Fundi Kibwana alishuka kwenye Dakota, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye ndege yetu. Aliichukua kwa mikono miwili. Aliitazama chini ya bawa, akapitisha kidole kwenye mshono, akapima mkia kwa shubiri, akairudisha kwa Masanja. Abiria walikuwa wamesimama kivulini na mabegi yao, na mlinzi wa kiwanja alikuwa amewaambia wasogee. Jua lilikuwa kali, ardhi inatoa mvuke. Masanja alizungusha pangaboi kwa kidole mpaka lastiki ikajaa mafundo, akasimama kando ya pipa, akasubiri upepo utulie, akaiachia.

Haikuyumba. Iliondoka mkononi mwake kama iliyokuwa inajua inakokwenda, ikapanda taratibu, hariri nyekundu na ya kijani ya sari za mama yake Nurali imeshika jua, na ule mlio mdogo wa pangaboi tuliusikia sote kwa sababu hakuna aliyekuwa anapumua. Nilimshika Nurali mkono, mbele za watu, bila kujali. Ilipita pipa la pili, ikakaribia mfuko wa upepo, ikapita juu yake. Lastiki ikaisha nguvu, pangaboi likasimama, na Masanja akaanza kukimbia aipokee. Ndipo kisulisuli kikanyanyuka kutoka kwenye mashamba ya pamba, kile kimbunga chembamba cha vumbi cha saa sita mchana, kikakatiza kiwanja, kikaichukua. Hakikuivunja. Kiliizungusha mara mbili na kuipandisha, na ndege yetu ikapanda bila injini, mabawa yamenyooka, juu zaidi ya mti wowote, juu zaidi ya mwewe, ikawa ndogo, ikawa nukta, ikaelekea upande wa Maganzo, na tulipopepesa macho hatukuiona tena. Abiria walipiga makofi. Mtoto mmoja aliuliza ndani kuna nani.

Masanja alikuwa bado amenyoosha mikono. Nilijua anachokifikiria kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiria. Ishuke nzima, Fundi alikuwa amesema, niione mkononi mwangu. Furaha na majuto vilinijia kwa pamoja hata sikujua nishike kipi. Kitu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kutengeneza kilikuwa kimeondoka na nafasi ya Masanja. Fundi Kibwana alikaa akitazama mbingu muda mrefu, kiganja juu ya macho. Kisha akamuuliza Masanja ni nani aliyeshona nguo ya bawa. Angeweza kusema ni yeye. Ushahidi ulikuwa juu ya Maganzo. Masanja akasema, "Mbavu za kulia na pangaboi ni mimi. Mbavu za kushoto ni Nurali. Kushona ni Minza, yote. Mimi kushona sijui."

Fundi akaniita kwa kidole. Nilimfuata mpaka nyuma ya Dakota, Masanja na Nurali wakitufuata kwa mbali. Ule usukani wa mkia, unaosimama wima, ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba. "Gusa," akaniambia. Niligusa nikitegemea bati la moto, na kidole changu kikabonyea. Ilikuwa nguo. Chini ya ile rangi ya fedha kulikuwa na kitambaa, kimevutwa juu ya mbavu na kushonwa kwa mkono, ubavu kwa ubavu, vile vile nilivyoshona mimi kwenye meza yenye mguu wa tofali. Kumbe ndege ya kweli, iliyobeba watu na mabegi yao, nayo ilikuwa na fundi cherehani mahali fulani. Nilifuata mshono kwa kidole kutoka juu kwenda chini, na mdomo wangu, ambao shangazi alikuwa ananionya kila siku, ukasema wenyewe nilichokiona.

"Aliyeshona hapa alikuwa na haraka."

Nyuma yangu nilisikia Masanja akivuta pumzi.

"Ni mimi," akasema Fundi Kibwana.

Niliondoa kidole. Fundi akainama, akautazama mshono wake kwa karibu, akaukuna kwa ukucha, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anaujua ukweli siku nyingi. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akamgeukia Masanja, kidole chake kimenielekea mimi.

"Jumatatu," akasema, "mje wawili."